Sawa ya Zima Kwanza

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Zima Kwanza. Ni fundi umeme, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe, maana hakuwahi kugusa waya wa mtu kabla ya kuuliza kama meni swichi, yaani swichi kuu ya nyumba, imezimwa, kisha kwenda kuhakikisha kwa macho yake. Hata umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, yeye atazima. Watu walimcheka. "Zima Kwanza, sasa unazima giza?" Yeye anazima tu.

Soketi za majiko ya watu alizihamisha zote. Ya kwetu, iliyo juu ya sinki, ambayo maji huirukia kila nikiosha vyombo, kila siku ilikuwa kesho. Nililalamika mpaka nikachoka. Halafu kiharusi kikamwangusha. Mkono na mguu wa kulia vikapooza, na katika maneno yote aliyokuwa nayo yule msemaji, likabaki moja tu: sawa.

Ana njaa, sawa. Anaumwa, sawa. Amekasirika, sawa, na kijiko chini. Kichwa nacho hakiaminiki, kwa sababu akikubali hukitikisa na akikataa hukitikisa vilevile. Nikajifunza kuzitofautisha hizo sawa kwa sauti, na nilijidai kwamba hakuna hata moja inayonipita.

Basi akaja kaka yangu, dereva wa lori, mjuaji wa kila kitu tangu utotoni, amebeba nyundo, patasi na waya mpya begani.

"Dada, leo soketi inahama."

"Si tumwite fundi?"

"Fundi si huyu hapa? Shemeji atanisimamia."

Tukamweka mume wangu kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa jiko. Uso wake ulichangamka, nami nikafurahi, maana siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu kumhitaji. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikamwacha kaka akichimba mfereji ukutani kuelekea kwenye friji, nikatoka uani kuanika nguo.

Kelele ndizo zilizonirudisha ndani. "Sawa! Sawa! Sawa!" Kaka alikuwa amekwisha kuifungua ile soketi ya zamani, anachuna waya kwa meno.

"Umemsikia?" akaniambia, waya mdomoni. "Fundi ameikubali kazi!"

Mume wangu alikuwa analowa jasho. Sawa ile sikuwahi kuisikia. Nikamletea maji, akayasukuma. Nikadhani ni choo, akapiga paja kwa hasira. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea sebuleni, basi nikamwinua, tukaenda tunakokotana mpaka ukutani. Hapo akainua mkono juu kabisa, ukagota chini kidogo ya meni swichi. Mwenyewe ndiye aliyeiweka juu hivyo, watoto wasiifikie. Akaupiga ukuta kwa kiganja. "Sawa!" Alikuwa analia.

Ndipo nikaelewa. Nikamwegemeza ukutani, nikapanda kwenye mkono wa kochi, nikaishusha ile swichi. Sijashuka, mtaa mzima ukalipuka: "Umerudi! Umerudi!" Redio ya jirani ikaanza kuimba. Nyumba yetu kimya.

"Dada," kaka akaita kutoka jikoni, "mbona kwetu haujarudi?"

Nilishuka, nikakaa chini, nikaikumbatia miguu ya mume wangu.

Nilipomweleza, kaka aliutema ule waya, akakaa sakafuni. "Lakini alisema sawa," akawa anarudia. "Dada, mimi nimemsikia. Alisema sawa." Ujuaji wote ulikuwa umemtoka.

Jioni alirudia kazi, meni swichi ikiwa chini. Waya wa zamani haukufika mahali papya, kwa hiyo aliuunga na ule mpya ndani ya kiboksi ukutani, akakaza skrubu moja moja. Akachota saruji kwa mwiko. Hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akauliza.

"Shemeji, maungio haya ni salama? Nifunike?"

Mume wangu aliinama, akachungulia shimoni kwa muda mrefu.

"Sawa," akasema.

Kaka akanitazama mimi.

"Hebu rudia, mzee," nikamwomba.

"Sawa."

Ni ndiyo? Ni hapana? Nilisikiliza kwa masikio yangu yote, sikuipata. Saruji ikakauka kwenye mwiko.

Shimo lipo mpaka leo. Meni swichi niliirudisha juu, ila umeme wa jikoni nimeuacha umezimwa, maji nachemshia sebuleni. Majirani wananihimiza nimwite fundi mwingine aje amalize, na wala hawakosei. Lakini kila nikichukua mtandio nitoke, namkuta mume wangu pale kwenye kiti chake cha plastiki, anachungulia shimoni, bisibisi imo kwenye mkono wa kushoto. Naurudisha mtandio msumarini.