Aliyeitikia Salamu Kizuizini

Msimamizi wa jukwaa: Majina tumeyabadilisha. Kisa hiki kimewekwa sehemu ya wasichana peke yake, kwa ombi la aliyetuma.

Jana jioni Ochi, mmoja wa vijana wanaolinda kizuizi cha hapa Lindi, Kibera, alinijulisha kwamba kuanzia sasa kila msichana atakayepita na mtandio wetu wa upindo wa kijani atasimamishwa na kuhojiwa. Alisema hayo akila chapati za mama yangu, bila kuniangalia.

"Sista, wewe ni kama damu yangu. Lakini wasee wenzangu wa kizuizini wameshtuka. Hiyo nguo yenu siku hizi si ya Waislamu peke yao."

Nina miaka ishirini na miwili, Mnubi, mzaliwa wa Kibera. Nimo katika wanaoshona mitandio mnayoagiza hapa jukwaani. Tangu vurugu za uchaguzi zianze, ule upindo umekuwa kama pasi ya kupitia. Vijana wakiuona hawaulizi kitambulisho wala kabila. Wanasema, "Pita, dada."

Ndiyo maana nilimpa Ndanu mmoja. Ndanu ni Mkamba, Mkristo wa Machakos, alikuwa akiuza mboga karibu nasi. Tangu kiongozi wa kwao aingie serikalini, Wakamba wanaitwa wasaliti huku. Nilimfunga mtandio kwa mikono yangu, nikamfundisha kuitikia salamu. Alifika kizuizini akitembea vizuri kabisa. Kijana mmoja akamwambia, "Asalaam aleikum." Ndanu akajibu kwa sauti ya kanisani, "Bwana asifiwe."

Alikimbia, akafika salama kwa ndugu zake. Mtandio ulibaki mikononi mwa vijana.

Sasa kwetu kuna Mkamba mwingine. Mama Kioko, muuza makaa wa mtaa jirani wa Silanga, kibanda chake kilichomwa na amejificha chumbani mwetu. Mtoto wake yuko Kawangware, kituo cha 46, kwa dadake. Hatuwezi kumweka zaidi, kwa sababu jirani ameanza kumuuliza mama yangu kwa nini tunasonga ugali kwa sufuria kubwa. Kila nikisikia viatu nje navuta pazia, kana kwamba pazia linazuia panga.

Mchana kutwa namfundisha salamu kwa kunong'ona. Leo asubuhi aliitikia sawasawa, kisha akaongeza, "Amina."

"Usiongeze kitu, mama."

"Mwanangu, nikiogopa, mdomo unaenda kanisani peke yake."

Mama yangu alicheka mpaka akajiziba kwa leso. Halafu tukaanza salamu upya, maana ni kweli.

Wapo mtakaosema nimeichezea hijabu. Msimamizi ameshanitahadharisha. Nitayasikia hayo, ila baadaye. Kwanza, mitandio ya upindo wa kijani iacheni nyumbani mpaka niseme tena.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Kwenye darasa la dini tulifundishwa kwamba kundi likisalimiwa, mmoja akiitikia imetosha kwa wote. Jumamosi wengi wenu mtapita kizuizi hicho mkienda darasani. Mama Kioko akiwa katikati yenu, amevaa buibui la kawaida kama nyinyi, hatalazimika kufungua mdomo. Dadake atamsubiri upande wa pili.

Lakini akigunduliwa, hamtaulizwa nani alijua na nani hakujua. Na baadhi yenu mna kaka zenu pale pale kizuizini. Nikifikiria mkono wa mmoja wao ukivuta buibui la dada yake mwenyewe, naweka sindano chini, siwezi kushona. Hata kuwaandikia haya naogopa, kwani sijui nani anasoma nyuma ya bega la nani.

Je, nina haki ya kuwaomba? Au nimtoe peke yangu, niitikie mimi, na niombe Mungu wasimgeukie yeye? Mnaojua kuliko mimi, nielekezeni. Atakayekuja amjulishe msimamizi kwa siri, naye atamwambia pa kukutana.

Tunatoka Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri. Tutakuwa wawili, au tutakuwa wengi.