Mpwa ni wa Mjomba

Bibi ninayemtunza hapa Wheaton, ughaibuni, ana macho mabovu na ukoo mrefu. Kwa hiyo, nikishampa dawa na uji wake wa shayiri, ambao yeye huutia chumvi eti ndiyo asili ya kwao Uskochi, kazi yangu ni kumsomea sensa. Si sensa ya leo. Ni ya Uskochi, karne ya kumi na tisa, ya nyumba moja ya shamba ambayo watu wake wote wameshakufa na sisi bado tunawahesabu.

Jumamosi moja nilikwenda na binti yangu, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia. Ni mtoto wa mdogo wangu, marehemu. Nimemlea tangu hajaanza shule, na ananiita mama mkubwa, kama inavyopasa.

Nikaanza kusoma kwenye kompyuta. Mkuu wa kaya, mkulima. Mke. Watoto watano. Mtumishi wa kukamua ng'ombe. Na mwisho kabisa, chini ya mtumishi, msichana wa miaka tisa ameandikwa "niece", yaani mpwa. Bibi akaniambia nirudie. Nikarudia. Msichana huyo ndiye aliyekuja kumzaa nyanya wa bibi huyu, na kwao siku zote walisimuliwa kwamba alikuwa binti wa nyumba ile.

"Kumbe hakuwa wao," bibi akasema, akaweka kijiko chini.

Nilikasirika kwa niaba ya watu nisiowajua. Nikamweleza kwamba karani aliuliza uhusiano wa mtu na mwenye nyumba tu, na mwenye nyumba ni mwanamume. Kwetu mpwa ni wa mjomba. Mwanamke hana mpwa kwa dada yake. Mtoto wa dada ni mtoto, basi, hakuna mjadala. Huenda mke wa yule mkulima alikuwa dada wa mama yake msichana. Nani alimuuliza? Nikamshika binti yangu begani, awe mfano hai.

"Huyu hapa," nikamwambia bibi. "Muulize ni nani wangu."

Bibi akamuuliza.

"I'm her niece," mtoto akasema, macho kwenye simu.

Bibi akanitazama kwa huruma, kitu ambacho sikuwa nimekiomba. Nikafunga kompyuta, nikaenda jikoni kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Tulipopanda basi la kurudi nilikuwa bado nimenuna. Nilitaka kusikia neno moja tu kutoka kwake, na niliona nimelitolea jasho.

"Kwani mimi ni nani kwako?"

"Mama mkubwa."

"Sasa niece imetoka wapi? Ulishindwa nini kusema wewe ni binti yangu?"

Akazima simu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wa huku, lakini polepole, kama mimi ndiye mgonjwa wa kutunzwa. Akasema: nikisema mimi ni binti yako, mama yangu ataandikwa wapi?

Mama yake ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni nikiwa mdogo kuliko huyu mtoto wake. Na siku nzima ile nilikuwa nikigombea mtoto, mwenye mtoto sikumkumbuka hata mara moja.