Njiti za Shemeji

Shemeji yangu ni karani wa stoo, na nyumba yake anaiendesha kama stoo. Mtu ana mkono wa birika, halafu anajiita mwenye mipango! Mwezi uliopita alitangaza kubana matumizi, akaanza na kiberiti. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimpa dada yangu njiti moja, akafungia kiberiti kabatini, ufunguo akautia mfukoni.

"Njiti moja kwa siku inatosha, mama watoto," alisema, kifua mbele, utadhani kagundua dawa ya malaria.

Dada hakubishana. Aliwasha jiko la gesi kwa njiti ile, na hakulizima mpaka chakula cha usiku kilipoiva. Mchana kutwa moto uliwaka bila sufuria juu yake.

Mtungi wa kutosha mwezi mzima uliisha siku ya tisa. Shemeji akarudi, akakuta jiko baridi na watoto wanatafuna mkate mkavu.

"Gesi imekwenda wapi?" akafoka.

"Sijui, baba watoto," dada akajibu kwa upole. "Ila njiti zako zipo. Kazihesabu."

Na lile jitu zima likafungua kabati, likahesabu kweli.