Bata Mzinga wa Futari

Kezia Aoko aliwapikia wazungu miaka tisa mjini Migori, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukisifu chakula chao. Alisema ni chakula cha watu wasio na haraka ya kushiba. Supu ya maboga, kwa mfano! Maboga, ambayo kwao Homa Bay mtu huyala akikosa kingine, wao wanayasaga na kuyanywa kwa kijiko wakiwa wamevaa soksi. Lakini kupika alipika, tena vizuri mno. Mhandisi wa mradi wa maji alikuwa akiwaambia wageni wake kwamba nyumba yake inaweza kukosa maji, mradi Kezia yuko jikoni.

Kulikuwa na chakula kimoja tu cha kizungu ambacho Kezia alikiheshimu, nacho ni makaroni ya kuoka. Hicho alikipenda kwa sababu kinafichia mtu aibu. Nyama ya jana, ile kiporo ambayo ukimwekea mgeni hivi hivi atanuna, ukiichambua vipande vipande, ukaichanganya na makaroni na rojo zito la maziwa, ukatia jibini juu na kuoka mpaka ikashika rangi, mgeni huyo huyo ataomba kuongezewa. Mke wa mhandisi ndiye aliyemfundisha. Mwaka wa pili mwalimu akawa anakula cha mwanafunzi na kunyamaza.

Basi mwaka wa tisini na nane mradi ukaisha. Mhandisi na mkewe walikula Krismasi yao ya mwisho Migori, na Jumamosi ya tarehe ishirini na sita asubuhi wakapakia masanduku wakaondoka moja kwa moja. Walilia kidogo, Kezia naye akalia kidogo, halafu kila mtu akabaki na lake. La Kezia lilikuwa zito. Hakuwa na mume wala kazi, na kaka yake Zablon alikuwa ameshamsafishia chumba nyuma ya nyumba yake kule Homa Bay. Zablon si mtu mbaya, tusimsingizie. Ila ni mtu wa kumuuliza mwanamke wa miaka arobaini na miwili alikuwa wapi mpaka saa moja jioni. Kezia alimjua tangu utotoni, na kile chumba hakukitaka.

Tumaini lake lilikuwa moja tu, hoteli ya Bi Mwanarusi.

Bi Mwanarusi alizaliwa Mombasa, akaja Migori na mumewe Hemed wakati barabara kuu ilipokuwa bado vumbi. Hoteli yake ilikuwa karibu na steji, na walikula pale madereva wa malori, wafanyabiashara wa nguo, hata wachimba dhahabu wa Masara siku wakibahatika. Sasa magoti yake yalikuwa yamekataa kusimama jikoni. Wasichana wawili wa kukaanga viazi alikuwa nao, mpishi hakuwa naye. Wiki moja kabla ya Krismasi alimwita Kezia akamwambia hafichi neno: habari za mkono wake amezisikia, lakini habari si chakula. Ramadhani ilikuwa inaanza. Aje siku ya Jumamosi, alete kitu kimoja cha kuoka, wafuturu nacho, wauone huo mkono. Na nyama ichinjwe na Hemed.

Hilo la mwisho Kezia karibu acheke. Nani Migori asiyejua? Mjini pale mtu mwenye akili akiwa na karamu hachinji kuku bila kumwita Mwislamu ashike kisu, kwa sababu hujui nani atapita mlangoni ukamkaribisha. Makanisa hufanya hivyo, na matanga pia. Mtaa wote ule kisu kilikuwa cha mzee Hemed, na malipo yake yalikuwa asante na stori mbili tatu, wala hakuweka hesabu ya ndege aliowachinja. Ndiyo maana mke wa mhandisi alipomnunua bata mzinga kwa mwalimu mmoja wa Rongo, dume zito lenye hasira za mkubwa aliyestaafu, Kezia alimtuma Fanuel, mtunza bustani, ampeleke dukani kwa Hemed ile asubuhi ya tarehe ishirini na nne. Yeye mwenyewe akaenda soko kutafuta viazi. Aliporudi alimkuta bata yuko mezani, amenyonyolewa, kichwa hakipo. Hakuuliza. Kwani huuliza jua limechomoza upande gani?

Wazungu wawili na wageni wanne hawawezi kumaliza ndege kama yule. Nusu nzima ilibaki kwenye friji, na mke wa mhandisi alipoondoka alimwachia Kezia nyama hiyo yote, pakiti mbili za makaroni, kipande cha jibini na siagi. Fanuel naye alikuwa na fungu lake katika nyama hiyo. Walikubaliana angelipitia jioni.

Oveni ilikuwa imeshauzwa. Kezia alikuwa na jiko la makaa na sufuria moja nene, katika chumba cha kupanga ambacho ukinyoosha miguu kitandani unagusa mlango. Lakini alikuwa amemwona Bi Mwanarusi akioka mkate wa mchele bila oveni, makaa kidogo chini, makaa mengi juu ya kifuniko, na akili yote puani. Mama mwenyewe alimfundisha bila kujua.

Saa tisa ya Jumamosi hiyo alianza. Maziwa alinunua kwa Mellen, akayaonja kabla ya kulipa, Mellen akanuna, akamwambia nuna tu, leo sibahatishi. Makaroni aliyachemsha kwa chumvi na kuyatoa yakiwa bado na ubishi kidogo, maana yakiiva kabisa kwenye maji yatakuwa uji kwenye moto. Aliichambua nyama kwa vidole, ile nyeupe na ile nyeusi, akitupa kila mshipa. Halafu rojo. Hapo ndipo wapishi wengi huaibika. Aliyeyusha siagi, akakaanga unga wa ngano ndani yake mpaka harufu ya unga mbichi ikatoka, akamimina maziwa tone kwa tone huku mkono unakoroga bila kupumzika, mpaka likawa zito na laini. Pilipili manga, kitunguu, jibini nusu. Akachanganya vyote, akasawazisha, juu akatandaza jibini iliyobaki na chenga za mkate mkavu, akafunika na kupalia makaa.

Harufu ilipotoka, mlango wa jirani ulifunguka, ukafuatwa na wa pili. Kezia akawaambia watu watulie, si chao. Alipofunua kifuniko, juu palikuwa pamekauka rangi ya chapati nzuri, na pembeni rojo linatokota taratibu. Akaonja ukingoni. Mwenyewe alikiri kwamba alijiogopa.

Saa kumi na mbili kasorobo aliifunga sufuria kwa taulo, akaipeleka nyumbani kwa Bi Mwanarusi, nyuma ya hoteli. Mama alifunua, akatazama, akafunika, akasema tutaonana baada ya futari. Lakini Kezia aliona pua zake. Mgeni mmoja, Mohamednur, mwenye malori, alikuwa ameshachagua pembe yake, ile iliyokauka zaidi. Kezia alirudi kwake akitembea kama mtu aliyelipwa tayari.

Fanuel alimkuta akisugua jiko. Alikuwa amejiandaa kwa safari, maana yeye pia kwao ni Homa Bay na kesho yake alikuwa anarudi. Akapewa fungu lake kwenye karatasi, akakaa kwenye kigoda, na kwa kuwa Fanuel ni mtu ambaye hawezi kuondoka bila hadithi, akapandisha mkono wa shati. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu mpaka kwenye kiwiko. Akasema yule bata alimpiga teke siku ile kama askari jela, karibu amshinde, kisu kikaanguka mara mbili.

Kezia aliacha kusugua. Akamuuliza kisu cha nani.

Cha jikoni, Fanuel akasema. Duka la Hemed lilikuwa limefungwa, mzee ameenda Muhuru Bay kununua omena, dagaa wa ziwani. Saa zinaenda, mama anataka ndege wake. Basi akamalizia kazi nyuma ya nyumba mwenyewe. Hakusema, kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na walaji walikuwa wazungu, hao wanajali nini?

"Yawa, Fanuel," Kezia akasema.

Alikaa kitandani. Na tuseme ukweli, hakukimbia mara moja. Alikaa. Alijiambia kwamba wao hawajui, na asiyejua hana kosa. Alijiambia kwamba kosa ni la Fanuel. Alijiambia kwamba nyama ikishaingia kwenye rojo haina jina tena. Alikiona kile chumba cha Zablon, kitanda na dirisha dogo linalotazama mlango wa kaka, na roho ikamuuma kweli kweli. Halafu akawaza habari ya Bi Mwanarusi, aliyefunga tangu alfajiri na magoti yake yale, akitia kijiko mdomoni kwa kumwamini yeye. Hapo akatoka, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Fanuel akabaki kwenye kigoda na mkwaruzo wake.

Adhana ilimkuta njiani. Alijua watu hao huanza na tende na uji, kisha huswali, kisha ndipo hula, lakini nani anajua Mohamednur ana subira kiasi gani? Alifika mlangoni anahema, kiatu kimoja mkononi. Walikuwa wameketi kwenye mkeka, Hemed na kikombe cha uji, Mohamednur na wageni wengine wawili, Bi Mwanarusi kwenye kiti kwa ajili ya magoti. Sufuria ilikuwa katikati, imefunuliwa. Haikuwa imeguswa.

"Msile ile makaroni," Kezia akasema. "Nyama yake ni ya bata mzinga, na mzee Hemed hakumchinja. Nilimtuma mtu akakuta duka limefungwa, akachinja mwenyewe. Nimejua sasa hivi."

Hemed aliweka kikombe chini. Mohamednur aliitazama ile pembe yake kama mtu anayeona lori likiondoka na mzigo wake. Kezia alitamani ardhi ipasuke.

"Umeonja?" Bi Mwanarusi akauliza.

Kezia akaitika kwamba ameonja.

"Iko vipi?"

"Ni tamu, mama," Kezia akasema, na machozi yakamtoka kwa aibu.

"Basi nimeshinda na njaa, chakula kitamu kiko mbele yangu, nawe umekuja kunikataza. Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi. Ungenipa kazi, lakini kila siku nikikuwekea sahani ningekuwa nakuogopa."

Wanaume waliinuka kwenda kuswali, na Bi Mwanarusi akaanza kujikokota kutoka kwenye kiti. Kezia akaifunika sufuria, akaifunga taulo, akaibeba. Alijua yamekwisha. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi ya nje alipoitwa kwa jina.

Mama alikuwa ameshikilia mlango. Alimwambia aiondoe harufu hiyo kwake upesi, inamtesa na mwezi bado ni mrefu. Kisha akamwambia, kwa sauti ile ile ya kuagiza sukari, kwamba kesho saa tatu aje na sufuria imeoshwa. Hemed atachinja majogoo wawili mbele ya macho yake, naye ataoka tena. Funguo za jikoni za hoteli ziko msumarini karibu na tangi la maji, azichukue mwenyewe, wasichana wa viazi watamfungulia stoo.

Kezia alisema asante kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, akavaa kiatu chake, akaenda.

Fanuel alikuwa bado kwenye kigoda, amejikunyata, anangoja kutukanwa. Kezia hakumtukana. Alifunua sufuria, akakata ile pembe iliyokauka, akamwekea kwenye sahani, akajiwekea yake, akafungua mlango wazi na kuwaita majirani waliokuwa wakinusa tangu mchana. Walikula wote. Fanuel akamaliza, akaomba tena.

Alipoinuka kuaga, akamuuliza ana salamu gani za kupeleka Homa Bay.

"Mwambie Zablon namshukuru sana," Kezia akasema. "Na kile chumba aweke mahindi."