Rangi ya Viatu Nyumbani Kwetu

Niliisikia burashi kabla sijafumbua macho. Jirani wa upande wa pili wa ukuta, ambaye hata jina lake silijui, alikuwa akipiga viatu rangi kabla ya kwenda kazini: cha-cha, cha-cha, kimya kidogo, kisha cha-cha tena. Nikabaki nimelala. Harufu ya rangi ya viatu, ambayo haikuwa chumbani mwangu, ikanijia puani yenyewe, nami nikawa mtoto tena, mtaani Mowlem, nyuma ya pazia la maua lililogawa chumba chetu.

Nyumbani kwetu sauti hiyo haikuhusu viatu hata kidogo. Viatu vyetu vilikuwa na rangi ya vumbi la mtaa, na hakuna aliyejali. Waliopigwa burashi walikuwa tembo.

Baba alikuwa mchongaji, na mjomba Mutua, mdogo wake mama aliyeishi nasi, alikuwa mwenzake. Walichonga nje ya mlango wamekalia magogo, tezo zao zikiitikiana tangu asubuhi. Duka la vinyago la mjini lilitaka tembo wa mpingo, na mpingo ulikuwa haupatikani. Uliopatikana ni mjakaranda, ule mti wa maua ya zambarau wanaoukata kando ya barabara, mweupe ndani kama ugali. Basi mjomba alichovya kitambaa kwenye mkebe wa rangi nyeusi ya viatu, akawapaka tembo, akawapiga burashi, na kufikia jioni wote walikuwa mpingo mtupu. Kazi yangu ilikuwa masikio, kwa sababu vidole vyangu ndivyo vilivyopenya nyuma yake. Nilikwenda shuleni na kucha nyeusi na viatu vyekundu.

Siku moja nilimtia tembo mmoja kwenye beseni la kufulia. Mjomba alimwopoa mbio.

"Ndinda, tembo wetu haogi," alisema. "Mpingo huzama. Mzungu akimwona huyu anaogelea, tumekwisha."

Meno yake ya mbele yalikuwa yameachana, na alicheka kabla hajamaliza kukuchekesha. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, baba na mama mnisamehe.

Kisha baba akaokoka. Alikuwa ametumwa mafuta ya taa, akapitia kwenye mkutano wa hema uwanjani, akarudi ameokoka na chupa tupu. Tulikula mkate mkavu usiku huo. Mwanzoni wokovu wake haukutusumbua sana. Aliacha kwenda kula nyama choma soko la Burma na rafiki zake Jumamosi, na akawa anaombea chakula mpaka kinapoa. Lakini ndugu wa ushirika wao walikuwa na desturi moja. Kila Alhamisi walikutana nyumbani kwa mmoja wao, na kila mtu alisimama kueleza jambo ambalo nuru ilikuwa imemfunulia wiki hiyo. Huyu alimnunia mkewe. Yule alibeba kalamu za ofisini.

Alhamisi moja walikutana kwa Mama Achieng, jirani yetu ambaye mumewe alifanya kazi reli. Baba alisimama, kofia mikononi.

"Ndugu zangu," akasema, "nimekuwa nikiuza uongo wenye mkonga."

Watu walicheka. Kisha wakaona yeye hacheki.

Kesho yake hakuugusa mkebe. Tembo walikaa ukutani, weupe, kama waliovuliwa nguo.

"Shemeji," mjomba alimwambia, "mzungu hanunui mpingo. Ananunua tembo."

"Basi tumwambie ni mjakaranda, tuone."

"Hilo halina haja ya kuambiwa mtu."

"Kama halina haja, mbona tunapaka?"

Mjomba aliokota tezo yake, akarudi kuchonga. Nilisubiri acheke, kwa sababu hapo ndipo alipocheka siku zote.

Tembo weupe walipelekwa mjini, wakarudi walivyokwenda. Baba akageukia miko na vigoda, akawauzia akina mama wa mtaa wa Donholm mlango kwa mlango. Nyama iliondoka mezani kwetu bila kuaga. Na mama, ambaye hakuweza kuona kitu kikiharibika, akaanza kuitumia ile mikebe iliyobaki kwa kazi iliyotengenezewa. Jumapili tulitembea kwenda kanisani tukiwa tunang'aa miguuni kama watu wa maofisini.

"Mama Ndinda," Mama Achieng aliita kutoka mlangoni pake, "wokovu wenu umeshuka mpaka kwenye viatu!"

Wapangaji wa ploti nzima walicheka, na mjomba pia. Lakini vyake alikataa visiguswe. "Mimi sijaokoka, dada," alimwambia mama. "Niachie vumbi langu."

Haikupita muda akatangaza kwamba amepata nafasi kwa wachongaji wa Mombasa. Aliongea akitazama sufuria. Mama akaacha kukoroga. Baba hakumhubiria, wala hakumwomba abaki, na mimi hilo lilinitia uchungu. Nilianza kuomba kila jioni, kwa maneno niliyojifunza kwa baba mwenyewe, kwamba Bwana amlainishe baba moyo apake tembo mmoja tu. Mmoja angetosha. Mjomba angemwona akiwa tayari, anang'aa, angefungua tena mfuko wake wa tezo.

Asubuhi ya safari, kabla sijafumbua macho, nikaisikia. Cha-cha, cha-cha. Harufu ikapenya chini ya pazia, nami nikalala pale nikitabasamu gizani, maana sikujua kama Mungu hujibu haraka hivyo. Nikavuta pazia.

Baba alikuwa amepiga magoti sakafuni kando ya taa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya kiatu cha mjomba. Mjomba alikaa kitandani na soksi, mfuko wa tezo mapajani.

"Acha, shemeji," alisema.

"Mombasa ni mbali," baba akamjibu. "Wakikuona wajue umetoka kwa watu." Akakwangua mkebe kwa kidole mpaka bati likaonekana, akamalizia kisigino.

Kwa miaka mingi niliikumbuka asubuhi ile kama siku Mungu aliponinyima. Nilidhani pia kwamba utakatifu wa baba ulionekana siku ile nyumbani kwa Mama Achieng, akiwa amesimama na watu wanamsikiliza. Siku hizi, nikigombana na mtu nikajua kabisa kwamba haki ni yangu, ndipo naona jinsi nilivyo mbali na sakafu ile. Baba alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilikuwa inamwondolea rafiki yake, chakula chetu na kicheko cha nyumba. Hata hivyo rangi ya mwisho tuliyokuwa nayo aliipeleka kwenye viatu vya mtu aliyemkatalia.

Mjomba alifunga kamba polepole. Akapapasa mfukoni, akanitia kiganjani tembo mdogo wa mjakaranda, mweupe, mwepesi kama mkate.

"Huyu mwogeshe ukitaka," alisema.

Hakucheka. Akamshika baba bega, akabeba mfuko wake, akatoka na viatu vyake vinavyong'aa, na mlango ukafungwa nyuma yake.