Mechi Ambayo Mwalimu Hakutaka Kuimaliza

Timu yetu ya Machochwe haikuwahi kusajiliwa popote. Ilianza siku wachimbaji wa dhahabu walipokuja na mpira wa ngozi, na sisi wenyeji tukawa na malisho ya kuchezea. Wao walitoka Kahama, Geita na Kigoma, wakapiga kambi ya maturubai ng'ambo ya korongo. Sisi tulikuwa watoto wa wafugaji na wakulima. Tulisawazisha malisho kwa majembe, tukachimbia milingoti ya mikaratusi, tukawa timu moja. Kwa misimu mitatu hatukugombana isipokuwa juu ya nani apige penalti.

Mimi nilikuwa kipa, kwa sababu ya urefu tu. Mshambuliaji wetu alikuwa mchimbaji wa Kigoma, mtu mfupi mwenye mapaja kama vinu. Kazini alikuwa akishuka kwenye mashimo ambayo wenzake waliyaogopa. Jumapili alikula kwetu, na mama yangu alimwita mwanangu.

Siku ninayoisimulia tulicheza nyumbani dhidi ya vijana wa Nyansurura. Asubuhi yake mzee mmoja wa kijijini aliamka akakuta zizi lake wazi na ng'ombe kumi na wawili hawapo. Kwetu ng'ombe wakipotea, watu hufuata nyayo. Niliwaona wakitoka, nikasema moyoni watawapata, nikaenda kuvaa glavu.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza waliporudi. Walikuja kama ishirini, wamebeba pinde na mapanga, wakasimama nyuma ya goli langu. Mashabiki waliokuwa wamekaa pale walinyanyuka mmoja mmoja, wakahamia upande wa pili. Nikageuka. Aliyekuwa karibu zaidi ni baba yangu mdogo, mshale ukiwa tayari kwenye upinde.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba.

"Marahaba. Mura, kijana wangu, angalia mpira wako."

Nikaangalia mpira, lakini masikio yalibaki nyuma. Walikuwa wakizungumza Kikurya, taratibu, kama watu wanaogawana kazi. Nyayo zimeenda hadi kambi ya wachimbaji, wakasema, na pale kambini wamekuta mifupa na ngozi mbichi. Mtu mmoja akasema yule mfupi anayefunga magoli ndiye aliyeonekana jana jioni akipita karibu na zizi. Mwingine akataka waingie uwanjani sasa hivi. Mzee mwenye ng'ombe akamkatalia.

"Mle ndani kuna watoto wetu. Mpira uishe kwanza."

Wachimbaji wetu watano hawakujua Kikurya zaidi ya salamu. Mshambuliaji alikuwa kule mbele akicheka na beki wa Nyansurura. Na mimi nilijua jana jioni alipita pale akienda wapi: alikuwa anakuja kwetu, kumletea mama sukari.

Ningeweza kugeuka na kulisema hilo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikugeuka. Jibu ni kwamba niliogopa. Niliogopa kwamba ulimi wangu ungenifanya na mimi nihesabiwe mwizi mwenzake, na mshale ulikuwa hatua sita kutoka mgongoni mwangu.

Nilichofanya ni kujiangusha. Nikashika goti na kupiga kelele. Mwamuzi akaja mbio. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amefundisha nusu ya wale waliobeba pinde, na pengine amewachapa wote. Akainama juu yangu.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia, Mwalimu." Nikamweleza yote kwa kunong'ona, huku nimefumba macho.

Aliwatupia jicho wale wa nyuma ya goli. Kisha akanikandakanda goti lile zima kabisa.

"Wamesema mpira uishe kwanza?"

"Ndiyo."

"Basi hautaisha. Nyanyuka. Usimwambie mtu."

Akaenda kwa mshika kibendera, akamwambia kitu, na yule jamaa akarukia bodaboda kumfuata mwenyekiti wa kijiji. Mechi ikaendelea.

Dakika tisini zikapita. Mwalimu aliangalia saa yake mbele ya watu wote, akatikisa kichwa, akaashiria tucheze. Alipuliza faulo ambazo hazikuwepo. Aliamuru kona irudiwe mara tatu. Nahodha wa Nyansurura alipolalamika kwamba jua linazama, Mwalimu alimwonyesha kadi ya njano. Watu walianza kucheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu wale wa nyuma ya goli hawakucheka. Wachezaji walitembea, wamejishika viuno. Kila filimbi ilipolia nilidhani ndiyo ya mwisho.

Mshambuliaji alirudi nyuma kuchukua mpira kwangu, jasho likimtiririka.

"Kaka, leo dakika haziishi?"

Nilivunja amri ya Mwalimu. "Wanakutaka wewe. Wanasema umeiba ng'ombe. Usitoke uwanjani."

Aliwaangalia wale watu juu ya bega langu. Midomo yake ikabadilika rangi. Aliuchukua mpira akaenda nao katikati, na tangu hapo hakuugusa mstari wa pembeni.

Aliyetuokoa ni mke wa mzee mwenye ng'ombe. Alifika kwenye bodaboda ileile, nyuma ya mwenyekiti, akipiga kelele kabla haijasimama. Ng'ombe wamepatikana! Walivunja zizi wenyewe, wakapita kambini kwenda lambo, wakachanganyika na mifugo ya shemeji yake. Wote kumi na wawili. Ile ngozi ya kambini ilikuwa ya mbuzi.

Nyuma yangu hakuna aliyeomba radhi. Nilisikia mishale ikirudishwa kwenye podo, mmoja baada ya mwingine, na vishindo vya miguu vikiondoka. Ndipo Mwalimu akapuliza filimbi, akakaa chini palepale katikati ya uwanja.

Mshambuliaji alivua jezi, akaikunja, akanipa. Nilimwambia aje nyumbani, mama amepika. Akasema, "Mwambie mama nashukuru." Wiki iliyofuata wachimbaji walisawazisha uwanja wao kambini, wakaunda timu yao. Tukabaki sita, tukaanza kutafuta wengine.

Mwaka jana, tukipura mtama na baba mdogo, nilipata ujasiri wa kumuuliza: mpira ungeisha mapema, angepiga mshale?

Hakukasirika. Aliendelea kupura kwa muda.

"Ningepiga," akasema. "Na leo ningekuwa nakwambia alikuwa mwizi."