Debe la Asali Juu ya Bahari

Mwaka 1998, katika baridi ya mwezi wa Julai, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, nilianza kazi kwenye uwanja wa ndege wa Songea, katika ofisi ya kampuni ndogo ya ndege za kukodi. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 6. Mume wangu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Kidato cha nne nilikimaliza mwaka uliotangulia, kwa masomo ya jioni, nikiketi dawati moja na wasichana waliomzidi kidogo tu binti yangu Gaudensia. Sikuona haya wakati ule, na leo pia sioni.

Rubani Mkuu, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, hakunionyesha kiti. Alinipeleka kwenye mapipa ya mafuta, akakinga kidogo katika chupa ya kioo na kuinyanyua kwenye mwanga.

"Unaona nini, mama?"

"Mafuta. Yana rangi ya buluu."

"Tazama chini."

Chini ya chupa palikuwa na tone lililotulia peke yake, jeupe kama jicho la samaki. Lilikuwa maji. Maji ni mazito kuliko petroli ya ndege, hivyo hukaa chini, na chini ndiko injini inakonyonya. Rubani Mkuu aliniambia kwamba tone kama lile, likifika kwenye injini wakati ndege iko juu ya bahari, humaliza safari ya watu wote waliomo. Kisha akamwaga chupa, akanikabidhi, akaondoka. Nilibaki nimeishika kwa mikono miwili.

Baada ya miaka miwili ya kujaza mafuta kwa pampu ya mkono, nilipelekwa kozi na kurudi na cheo cha mpangaji wa safari. Vijana wa leo wana kompyuta. Sisi tulikuwa na ramani, rula na penseli. Hesabu yenyewe haijabadilika. Kwanza unatafuta mafuta ya kufikia unakokwenda, ukizingatia upepo, kwa maana ndege inayokwenda mashariki wakati wa kusi hupigana nao njia nzima. Unaongeza mafuta ya kwenda kwenye uwanja mbadala, yaani ule utakaotumia kutua iwapo wa kwanza umefungwa na mawingu. Juu yake unaweka akiba ya dakika arobaini na tano ambayo hupangi kuigusa. Mwisho unatafuta mahali pa kugeukia: pale ambapo, ukipapita, mafuta ya kurudi nyumbani hayatoshi tena. Kwenye ramani pale ni alama ya penseli tu. Nilipoichora mara ya kwanza juu ya bahari mkono wangu ulisita, kwa sababu bahari yenyewe nilikuwa sijawahi kuiona.

Lakini mafuta yana uzito, na ndege ndogo haiwezi kubeba matangi yaliyojaa pamoja na watu na mizigo yao yote. Kwa hiyo kila abiria alipanda kwenye mizani, ile ile ya kupimia mahindi. Mfanyabiashara mmoja mnene wa Majengo alikuwa akiniambia kila safari, "Mama Gaudensia, mizani yako ina chuki binafsi," nami nikimjibu, "Haina chuki, mzee, ina kumbukumbu." Shida haikuwa miili ya watu. Shida ilikuwa zawadi. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na zawadi hutolewa dakika ya mwisho, wakati mgeni ameshaaga na mizani imeshafungwa. Mara ngapi nimeona kuku au kiroba cha maharage kikipitishwa mlangoni wakati rubani ameshavaa mkanda.

Jumanne, tarehe 7 Juni 2005, tulikuwa na safari ya Moroni, visiwani Komoro. Abiria alikuwa daktari wa macho aliyekuwa amefanya upasuaji Songea kwa majuma mawili, pamoja na wasaidizi wake wawili na masanduku ya vifaa. Ndege ilikuwa ya injini moja. Mafuta ya ndege Mtwara hayakuwapo siku hizo, hivyo ilibidi iende moja kwa moja, na uwanja mbadala ukiwa Mtwara, nyuma, ng'ambo ya maji. Matangi yalijaa hadi shingoni na uzito ulifika mwisho ulioruhusiwa.

Ndipo mama mkwe wangu alipofika kutoka Matogoro, na debe la asali kichwani. Yule daktari alikuwa amemtoa mtoto wa jicho. Kwa miaka minne mama hakuwa ameona uso wa mtu.

"Ipeleke kwenye ndege," aliniambia. "Hii ni ya daktari."

Nilipima. Kilo ishirini na tano. Kuipakia, ilibidi nitoe mafuta ya uzito uleule, nayo ni dakika thelathini na tano za kuruka.

Meneja wa Kituo alinivuta pembeni. "Toa mafuta kidogo, mama. Ni mzee, na ni mkweo. Wageni wanatazama."

Nilimtazama Rubani Mkuu. "Sahihi ni yako," alisema. "Mimi naruka kwa sahihi yako."

"Mama," nilisema, "asali haipandi. Nitaituma kwa basi hadi Dar es Salaam, na huko ipande meli ya Moroni."

"Kwa basi? Kama furushi la mitumba?" Alijitwika debe lake. "Mwanangu angekuwa hai, ungesema hivyo mbele yake?"

Akaondoka kwa miguu bila kuaga mtu.

Mchana Rubani Mkuu alipiga simu kutoka Mtwara. Huko Moroni, mlima wa kisiwa ulikuwa umezama katika mawingu pamoja na uwanja; alizunguka dakika ishirini na mbili akitafuta upenyo, hakuupata, akageuka. Alitua Mtwara akiwa na mafuta ya dakika ishirini na nane. Nilitoa zile thelathini na tano za asali katika ishirini na nane, nikaweka penseli chini. Zimepungua saba. Dakika saba kabla ya nchi kavu, injini ikiwa kimya, na bahari niliyoijua kwa penseli tu ikiwa chini yao. Kampuni haikuniuliza neno. Nilistaafu mwaka 2024, na sijapata kukutana na namba iliyonitisha kuliko ile saba.

Nyumbani haikuwa hivyo. Shikamoo yangu mama mkwe hakuipokea tena. Nyumba niliyokaa na Gaudensia ilikuwa katika kiwanja chake, na alikuwa ameanza kusema hadharani kwamba mjane asiyemheshimu mama arudi kwao. Mwezi wa Agosti shemeji yangu mkubwa, kiongozi wa ukoo, aliitisha kikao Matogoro ili lisemwe liishe.

"Shemeji," alianza, "mama anasema ulimvua nguo mbele ya wageni."

"Daktari alinifungua macho," alisema mama mkwe. "Nimpe nini? Upepo?"

Nilieleza yote, kuanzia mizani hadi simu ya Mtwara. Walinisikiliza kwa heshima, lakini nyuso zao ziliniambia kwamba dakika saba kwao si kitu; ni muda wa kusubiri chai ichemke.

"Shemeji," nilisema, "una saa. Naomba tukae kimya dakika saba. Kila mtu afikiri yumo ndani ya ndege ile."

Alivua saa, akaiweka mezani. Tukakaa. Mwanzoni mtu alikohoa, mwingine akasogeza kiti. Kisha kukawa kimya kabisa, tukasikia misonobari ya mlimani. Ilipopita dakika ya nne, mama mkwe alifumba macho yale aliyofunguliwa. Mikono yake ilishika kingo za kiti.

"Basi," alisema. "Basi, zima hiyo saa."

"Bado mbili, mama," alisema shemeji.

"Nimesema basi. Yule daktari angali anatibu watu?"

"Anatibu, mama," nikamjibu.

Kisha akaniita kwa jina la nyumbani, ambalo hakuwa amelitamka tangu Juni, akaniagiza nilete debe kutoka ndani, nimtumie daktari kwa basi. Lilikuwa limefungwa vilevile. Nikalibeba hadi miguuni pake, na nilipomwamkia, aliitika marahaba.

Shemeji alivaa saa yake, akasimama, akatamka mbele ya wote kwamba shauri limekwisha, na kwamba mimi ni mtoto wa nyumba ile sawa na waliozaliwa humo. Ilikuwa Jumapili, tarehe 14 Agosti 2005.